Nilivyomwonea Wivu Mhudumu wa Leba

Mwenye cheti nilikuwa mimi. Naanza hapo kwa sababu miaka ile, kila asubuhi nilipovaa gauni langu jeupe na kuubana mshipi kiunoni, hilo ndilo nililojiambia. Cheti changu cha ukunga kilikuwa kwenye fremu ya kioo sebuleni, juu ya redio, mahali ambapo mgeni akiketi tu anakiona. Yeye hakuwa na karatasi yoyote. Alikuwa mhudumu wa wodi, mjane kutoka Kansay aliyeishia darasa la nne, mkubwa kwangu kwa kama miaka kumi, na kazi yake kwa mujibu wa serikali ilikuwa kupiga deki, kumwaga uchafu na kuchemsha vyombo. Lakini mwanamke alipofika kwenye kituo chetu cha afya pale Karatu, ameshikwa na uchungu, ameinama na kushikilia mlango, hakuuliza mkunga yuko wapi. Aliuliza, "Yule mama yupo?"

Nami nilikuwa nimesimama mbele yake, kofia kichwani.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, na mambo haya yaliendelea hadi kuingia miaka ile ya themanini ya kupanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni. Kituo chetu kilikuwa kidogo, kando ya barabara iendayo Ngorongoro. Land Rover za watalii zilipita mbele yetu zikituachia vumbi jekundu kwenye shuka tulizoanika. Tulikuwa na daktari mmoja, ambaye kwa kweli alikuwa mganga msaidizi ila watu wote walimwita daktari, mimi mkunga, wauguzi wawili wa wodi ya kawaida, na yeye. Leba ilikuwa chumba kimoja chenye vitanda viwili na dirisha lililokataa kufunga, na mwezi wa saba baridi iliyopita pale ilikuwa ya kutafuna mifupa.

Chuoni tulifundishwa kwamba muuguzi anayelia hasaidii mtu. Machozi yanaziba macho, na aliyezibwa macho atakosea dozi. Niliamini hivyo, na mpaka leo kuna sehemu yangu inayoamini. Niliingia leba nikiwa nimekaza uso, nikapima, nikaandika, nikasema "sukuma" na "acha kusukuma", na watoto walizaliwa salama. Nilikuwa mkunga mzuri. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa kuwa daftari la wazazi lipo, na mwandiko ni wangu.

Yeye alileta moyo wake wote kazini, na akauacha wazi kila mtu auguse. Alimsugua mzazi mgongo huku akimuuliza nyumbani amemwacha nani, ng'ombe atakamwa na nani, kama mtoto mkubwa ameshaanza shule. Mzazi alipolia, naye alilia, na hakuwa akijifanya. Niliwahi kumchunguza kwa pembe ya jicho nikitafuta uongo, nikakosa. Mtoto akipiga kelele ya kwanza, yeye alipiga kigelegele humo humo leba, beseni mkononi. Nilimkemea mara nyingi. Aliitikia, "Samahani, sista," akafuta macho kwa upande wa kanga, na mtoto aliyefuata akapigiwa kigelegele vile vile.

Zawadi ndizo zilizoniumiza kwanza. Mimi waliniletea kadi za kliniki. Yeye walimletea mayai yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba, maharage ya Mbulu, na mara moja kuku mwenye afya kabisa. Siku moja lori lilimshusha mama wa Kimaasai kutoka juu Ngorongoro, uchungu wa siku mbili, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Mhudumu naye Kimaasai hakukijua. Alivua sweta lake akamfunika mabega, akakaa pembeni yake na kuanza kumsimulia habari kwa Kiiraqw, polepole, kana kwamba wametoka kijiji kimoja. Yule mama akamshika shingo na hakumwachia. Mtoto alitoka kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili. Mimi ndiye niliyekitoa. Mimi ndiye niliyempulizia mtoto mpaka akawa na rangi. Mama yake wakati wote huo macho yake hayakuhama usoni pa mwenye kumwaga mabeseni.

Baada ya mwezi mumewe alikuja na kibuyu cha maziwa. Alimtaka "yeyo", yaani mama. Nikajionyesha kidole kifuani. Akanitazama kwa adabu, akatikisa kichwa, akapita. Mhudumu aliyapokea yale maziwa, akayachemsha jikoni mbele ya macho yangu, akanimiminia kikombe cha kwanza. Nikamwambia sinywi maziwa yasiyochemshwa. Alishangaa kidogo, kisha akampa daktari.

Nilijaribu kuwa kama yeye, nalo lazima nilikiri. Siku moja hakuwepo, na nikaona ni nafasi yangu. Nikaweka kalamu chini, nikaanza kumsugua mzazi mgongo huku nikimuuliza habari za nyumbani kwake. Alijibu neno moja moja. Mwishowe akageuka, akaniambia kwa upole kwamba mikono yangu ni ya baridi, kama naweza kuacha. Nikaacha. Nikachukua kalamu yangu na kuandika saa na dakika.

Hata nyumbani hakuniacha. Mume wangu alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya ngano, na aliwahi kulazwa kwetu siku tatu kwa malaria. Aliporudi alikuwa na habari moja tu: yule mama wa hospitali ana moyo, yule mama aliniuliza hata habari ya trekta lililonivunja kidole. Nikamuuliza, na mimi je, nina nini. Akafikiri, na kule kufikiri kwake ndiko kulikonikera.

"Wewe unafanya kazi nzuri," akasema.

Sikumsemesha mpaka Jumapili.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Sisi Wairaqw tulikuwa na mwiko unaoitwa metimani. Mwanamke akizaa mtoto mfu, au akifiwa na kichanga, nyumba yake inatengwa. Hachoti maji pamoja na wenzake, ng'ombe wake hawachungwi na wa jirani, hakuna anayevuka kizingiti chake wala yeye hakivuki cha mtu, mpaka muda wake uishe. Anayeingia kwake hutoka ameubeba uchafu ule, akaupeleka kwa wengine, na wanaouogopa zaidi ni wenye mimba. Serikali na chama walikuwa wameshaupiga marufuku, na makanisa yaliukemea. Watu waliitikia kwenye mikutano, kisha wakarudi nyumbani wakaufuata kimyakimya. Mimi mwenyewe kila siku ya kliniki nilisimama mbele ya mabenchi ya wajawazito na kuwahutubia: metimani ni ushamba, mwenzenu akifiwa mwendeeni, mpikieni, msimwache peke yake. Nilikuwa na sauti nzuri ya hotuba.

Mwaka mmoja, kipindi cha mvua za masika, tulimpokea mzazi kutoka Ganako, mimba yake ya kwanza. Mtoto alizaliwa mchana, amekufa. Nilifanya yote niliyofundishwa. Nilimfunika mtoto upesi na kumtoa nje kabla mama hajainua kichwa, kwa sababu tuliambiwa asiyeona husahau haraka. Mhudumu ndiye aliyemwosha na kumvalisha kitambaa kwenye chumba cha nyuma, na alichukua muda mrefu sana. Niligonga mlango nikamwambia afanye haraka, ndugu wanasubiri. Nilimsikia ndani akizungumza na yule mtoto kwa sauti ya chini.

Yule mzazi akarudi Ganako, na nyumba yake ikatengwa. Nililijua hilo. Kutoka kituoni mpaka pale ni mwendo mfupi, wa mtu aliyebeba ndoo. Nilisema nitakwenda wiki ijayo, na wiki ijayo nikasema barabara ina tope. Ukweli ni kwamba wakati huo na mimi nilikuwa mjamzito, miezi sita, baada ya miaka minne ya ndoa bila kitu, na mwenye sauti ya hotuba niliogopa kama wengine.

Kisha nikasikia kwamba mhudumu amekwenda. Ameonekana akiingia mle ndani Jumamosi, amekaa mpaka jua limeinama, na Jumatatu yuko leba anasugua migongo. Hakumwambia mtu. Hakusimama mbele ya benchi lolote. Lile nililolihubiri mwaka mzima alilitenda kwa siku moja, kanga begani, kama mtu anayekwenda kusaga. Kwanza nilisikia aibu. Aibu ile haikukaa; ilipofika jioni ilikuwa imeshageuka, na sina jina jingine la kuiita isipokuwa wivu, ule unaokunyima chakula.

Siku ya kliniki sikutoa hotuba. Nilikuwa nikiandika kadi ya mama mmoja mwenye mdomo mwepesi, na mhudumu akapita ukumbini amebeba ndoo, na yule mama akamtazama akitabasamu kama walivyofanya wote. Nikasema bila kuinua macho kwenye kadi:

"Huyu si alikuwa Ganako juzi, kwenye ile nyumba? Mimi siamini mambo hayo. Nashangaa tu."

Maneno hayo tu. Nikamrudishia kadi na kumwita anayefuata.

Wiki mbili zilitosha. Mzazi mmoja alikataa asiguswe naye. Mwingine alipomwona mlangoni alirudi nje, akaenda kuzaa kwa shangazi yake. Wazee wawili walikuja kwa daktari, wakaketi, wakaongea kwanza habari ya mvua, kisha wakaomba yule mama aondolewe leba mpaka watu watulie. Daktari hakuwa mtu wa vita. Aliniita akaniuliza mimi naonaje, na mimi, mhubiri wa kupinga metimani, nikasema labda ni vizuri, kwa muda tu. Akahamishiwa nyuma kwenye nguo, kufua na kuanika. Alipoambiwa aliuliza kama wazazi watapata mtu wa kuwasugua. Daktari akasema nipo mimi.

Basi nikapata nilichokitaka. Hakuna tena aliyeuliza yule mama yupo. Waliingia, wakalala walipoelekezwa, wakageukia ukuta. Nilikuwa peke yangu na kalamu yangu na dirisha lisilofunga. Kule nyuma nilimwona akikunja vitambaa vya watoto, kimoja kimoja, akikilainisha kwa kiganja kabla ya kukiweka juu ya kingine, sabuni hakuna, anafua kwa magadi mpaka vidole vimechubuka, na bado anakunja namna ile. Nikamwonea wivu hata pale. Nilijiuliza mtu anapata wapi moyo wa kukunja kitambaa hivyo, na kwa nini mimi nikikunja kinakuwa kitambaa kilichokunjwa basi.

Wakati wangu ulikuwa umebaki kama wiki tatu mtoto alipoacha kucheza tumboni. Niligundua asubuhi nikiwa kazini. Nikajifungia leba, nikalala juu ya kitanda cha wazazi, na nikajaribu kusikiliza moyo wake kwa kile kibomba cha mbao, lakini mtu hawezi kujiinamia tumbo lake mwenyewe. Nikaweka mkono nikasubiri. Kisha nikainuka nikaenda kumalizia kadi kumi na moja zilizokuwa zimebaki, kwa mwandiko ule ule. Baadaye ndipo nikamwambia daktari. Akasikiliza, akasikiliza tena, na aliponyanyuka hakunitazama.

Nilijifungua kesho yake mchana. Mkunga wa kituo nilikuwa mimi, na mimi ndiye niliyelala pale. Wauguzi wote wawili walikuwa vijana wasiowahi kuzalisha, na mmoja alikuwa na mimba. Huyo alikataa kuingia, na sikumlaumu. Daktari akamwita mhudumu kutoka kwenye nguo. Aliingia mikono inanuka magadi. Alinisugua mgongo tangu saa nne mpaka saa nane, na sikumwomba aache.

Mtoto alipotoka kukawa kimya, kimya ninachokijua. Nikageukia ukuta. Nilimsikia akimpokea, nikasikia maji kwenye beseni. Akaja upande wangu.

"Sista, umtazame kidogo. Ni msichana."

"Mfunike," nikasema, kwa ile sauti yangu ya kazi.

Akasimama pale kitambo. Kisha akamfunika.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kwetu kusubiri mjukuu. Aliponiona naingia mikono mitupu alilia kwanza, lazima nimtendee haki, alilia kwa uchungu, kisha akaanza kutenganisha vyombo. Kikombe changu, sahani yangu, ndoo yangu. Mume wangu alimwambia serikali imekataza. Akamjibu kwamba serikali iko mbali. Mume wangu alilala sebuleni, chini ya cheti changu. Wanawake wa kanisani walifika mpaka kwenye ua, wakaimba ubeti mmoja barabarani, wakaondoka. Wajawazito niliowahutubia mwaka mzima walipita njia ya juu. Daktari alituma salamu. Mimi nikakaa chumbani nikitazama ukuta wa udongo, maziwa yanajaa na kunichuruzika tumboni, na macho yangu makavu kabisa. Nilijaribu kulia na sikuweza.

Siku ya saba nilisikia sauti nje. Mama mkwe anamuuliza mtu kama amepotea njia, kama hajui hii ni nyumba ya namna gani. Nikasikia anavyojibiwa, bila hasira, kwa sauti niliyoijua kabla sijaelewa maneno.

"Mimi nimeshasemwa, mama. Wananiita wa metimani tangu masika. Sasa itanifanya nini zaidi?"

Akaingia na sufuria ndogo iliyofungwa kwenye kanga. Akaketi juu ya kitanda, kitandani kabisa, bega lake likigusa langu. Tangu nitoke hospitali hakuna mtu aliyekuwa amenigusa. Akafungua sufuria, uji wa mtama, bado moto. Nikasema kabla hajanipa, kwa sababu nilijua nikinywa sitasema.

"Ni mimi niliyelisema. Kliniki. Mimi ndiye niliyewaambia ulikwenda Ganako."

"Najua," akasema. "Nilikuwa napita na ndoo. Kunywa uji."

Nikanywa. Akanishikia kikombe. Nilitaka anitukane, ningejua la kufanya na matusi. Badala yake alisubiri nimalize, akakiweka kikombe chini, akaniuliza kama nataka aniambie alivyokuwa. Sikuelewa. Akasema yule mama wa Ganako ndiye aliyemtumia ujumbe, anataka kujua mtoto wake alifananaje, maana alitolewa upesi mno; ndiyo sababu alikwenda.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Akanisimulia. Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zimeteremka mpaka kwenye paji. Mdomo wa juu wa baba yake. Kidole gumba cha kushoto amekikunjia ndani ya ngumi na alikataa kukitoa hata alipooshwa. Masikio madogo. Katikati ya nyusi palikuwa na mkunjo. "Kama wewe daftari linapopotea," akasema, na akacheka kidogo, na wakati huo huo machozi yakawa yanamdondoka mapajani. Anamlilia mwanangu, yeye, mbele yangu mwenye macho makavu. Alisema alimzungumzisha alipokuwa akimvalisha, alimwambia mama yake ni mkunga na anaandika vizuri.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikamwomba aanze tena, tangu kwenye nywele, na akaanza. Na hapo wivu ulinishika upya, mkali kuliko wa kuku na wa maziwa na wa wazazi wote waliomuulizia yeye. Nimeshazeeka, nimezaa wengine wawili, na bado haujaniacha. Alimtazama binti yangu usoni kwa muda wote aliotaka, nami nilikuwa nimelala hatua moja kutoka hapo, nimegeukia ukuta.